Mtunza Ghala wa Dawa Apewe Nguvu ya Kukataa

Ukimwuliza mtu kiwanda cha dawa ni nini, atakueleza habari za mitambo ing'aayo na wataalamu waliovaa makoti meupe. Hatakueleza habari za mlango wa nyuma. Mlango huo hauna fahari yoyote. Ni mahali yanapoegeshwa malori, penye kelele za wachukuzi na vumbi la barabara, na ndani yake amekaa mtu mmoja mwenye kalamu, daftari na mizani. Huyo ndiye mtunza ghala, au stookipa kama wenyewe wanavyojiita. Hakusomea udaktari, na mshahara wake si wa kutajwa mbele ya mishahara ya ofisi za juu. Lakini iko siku ambayo uhai wa watoto mia humtegemea yeye kuliko umtegemeavyo daktari yeyote, na ndiyo sababu leo tumeona vema kunena habari zake.

Neno letu ni hili. Mtu anayepokea malighafi katika kiwanda cha dawa hana budi apewe nguvu ya kusema "pipa hili haliingii", na nguvu hiyo iandikwe, isiwe hisani ya meneja. Tunajua kwamba wengi watalikubali neno hili upesi upesi kisha watageuza ukurasa. Tunawaomba wasigeuze bado, maana wako waliokwisha kulikubali hivyo hivyo, na makaburi yapo.

Tuanze na Panama. Mwezi Septemba na Oktoba mwaka 2006, madaktari wa jiji la Panama walianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Wengi wao walikuwa wazee. Figo zao zilisimama, wakashindwa kukojoa, kisha viungo vyao vikaanza kupooza. Madaktari walifikiri mambo mengi. Kwa muda waliishuku dawa moja ya shinikizo la damu, kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa wakiitumia. Kumbe dawa ile haikuwa na hatia ila moja tu: huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu, na wenye kikohozi walikuwa wamepewa dawa ya maji ya kukituliza. Mauti yalikuwa ndani ya chupa ile ya pili. Chupa zilipopelekwa Marekani kupimwa, wataalamu wa huko walikuta ndani yake kitu kiitwacho dayethilini glaikoli.

Yafaa msomaji akijue kitu hiki, maana tutakitaja tena na tena. Ni maji mazito, hayana rangi, yana utamu. Viwandani hutumika katika vimiminika vya breki, katika maji ya kuzuia injini isigande kwa baridi, na katika kuyeyushia rangi na vitu vinginevyo. Ukikiweka katika glasi karibu na glasi ya glisarini, ambayo ndiyo hutumika kuyapa maji ya dawa utamu na uzito, hutaweza kuzitofautisha kwa macho, wala kwa ulimi ikiwa una ujinga wa kuonja. Tofauti ni mbili. Ya kwanza, glisarini safi ina bei kubwa zaidi. Ya pili, glisarini haiui. Basi mtu mwenye tamaa akiziona tofauti hizi mbili, ile ya kwanza humpendeza hata akaisahau ya pili.

Glisarini ile ya Panama ilikuwa mapipa 46. Ilitoka katika kiwanda kimoja cha mji wa Taixing, China, ikanunuliwa na kampuni ya biashara ya Beijing, ikauzwa kwa kampuni ya Barcelona, Hispania, na hiyo ikaiuza kwa kampuni ya Panama. Mwisho wa safari ikaingia katika maabara ya serikali ya Panama, chini ya shirika la hifadhi ya jamii, na huko ikachanganywa katika chupa 260,000 za dawa ya mafua na kikohozi. Waandishi wa gazeti la New York Times walioifuata njia hiyo nyuma nyuma mwaka 2007 waligundua jambo moja ambalo kwetu sisi ndilo kiini cha habari yote. Mapipa yale yalipita mikononi mwa kampuni tatu za biashara katika mabara matatu, na hakuna hata moja iliyoyafungua ikapima kilichomo. Kila moja ilipokea cheti, ikakiandika upya, ikafuta jina la aliyetangulia ili mnunuzi asipate kwenda kununua kwake moja kwa moja, ikasukuma mzigo mbele. Cheti kilisema glisarini hii ni safi kwa asilimia 99.5.

Zaidi ya hayo, kule ilikotoka, kitu kile kiliitwa "TD glisarini". Herufi hizo mbili zilitokana na neno la Kichina lenye maana ya kitu cha badala. Yaani muuzaji wa kwanza, kwa namna yake ya ujanja, alikuwa ameandika juu ya pipa kwamba hii si glisarini, ila ni ya kutumiwa mahali pake. Njiani zile herufi mbili zikapotea, na baada ya maafa kila mmoja akamsingizia mwenzake. Hadi Mei 2007 jamaa za marehemu walikuwa wameandikisha vifo 365, na 100 kati ya hivyo vilikuwa vimethibitishwa.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mbali na ya bahati mbaya. La, si bahati mbaya jambo lirudialo mara nyingi kiasi hiki. Marekani mwaka 1937, mkemia wa kampuni ya Massengill alitumia dayethilini glaikoli kuyeyushia dawa ya salfa, bila kumjaribu mnyama hata mmoja kwanza, na watu zaidi ya 100 walikufa. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikatunga sheria mpya ya dawa. Cape Town mwaka 1969 walikufa watoto saba. Nijeria mwaka 1990 walikufa watoto 47, kwa sababu pipa lililodhaniwa kuwa la propilini glaikoli, ambayo ni kiyeyushi halali cha dawa, lilikuwa na sumu hii. Haiti mwaka 1995 na 1996 walikufa watoto zaidi ya 80. Nijeria tena, mwaka 2008 na 2009, walikufa watoto 84 waliopewa dawa ya kutulizia maumivu ya kuota meno. Kisha likaja jambo la Gambia mwaka 2022, ambako watoto wapatao 70 walikufa baada ya kunywa dawa za maji zilizotoka India. Mwaka uo huo Indonesia ilizika watoto zaidi ya 200, na Uzbekistan nayo ilizika wake.

Tazama urefu wa orodha hiyo. Tangu 1937 hadi 2022 ni miaka 85. Katika miaka hiyo binadamu amekwenda mwezini na kurudi, lakini bado pipa lisilofunguliwa laweza kupita mlango wa nyuma wa kiwanda kwa nguvu ya kipande cha karatasi. Waswahili wana msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Sokoni hakuna mtu mwenye akili akubaliye kununua mbuzi namna hiyo. Itakuwaje basi tukubali kuununua uhai wa mtoto hivyo?

Katika kesi zote hizo, ile ya Indonesia inatufundisha zaidi, kwa kuwa ilifika mahakamani na mambo yake yakawekwa wazi. Kampuni iitwayo Afi Farma, katika mji wa Kediri, ilipokea mara mbili, kati ya Oktoba 2021 na Februari 2022, malighafi iliyoandikwa propilini glaikoli. Waendesha mashtaka walisema kwamba ndani yake mlikuwa na ethilini glaikoli, ndugu wa ile sumu tuliyokwisha itaja, kwa asilimia 96 hadi 99. Hebu msomaji aifikirie hesabu hiyo. Hapakuwa na uchafu kidogo ulioingia kwa uzembe. Pipa zima lilikuwa sumu. Kipimo chochote cha kweli, hata cha mwanafunzi wa kemia, kingeipiga kelele. Lakini kiwanda hakikupima. Kilitegemea vyeti vya muuzaji. Novemba 2023 mkuu wa kampuni hiyo pamoja na wenzake watatu walihukumiwa kifungo cha miaka miwili kila mmoja. Kwa wazazi waliofiwa miaka miwili ni michache mno, nasi hatuwezi kuwalaumu wakisema hivyo.

Sasa tueleze kazi yenyewe jinsi inavyopasa kuwa, maana si vema kulaumu bila kuonyesha njia.

Lori likifika, mtunza ghala huanza kwa karatasi tatu: oda ya kiwanda, hati ya mzigo ya muuzaji, na orodha ya wauzaji waliokubaliwa. Karatasi hizo tatu hazina budi zipatane kwa jina la kitu, jina la aliyekitengeneza, namba ya fungu na uzito. Tunalitia mkazo neno "aliyekitengeneza". Muuzaji na mtengenezaji ni watu wawili, na katika habari ya Panama ni jina la mtengenezaji lililofutwa. Mtunza ghala asiyejua mtengenezaji ni nani hajui chochote, hata kama hati zake zina mihuri kumi.

Kisha hutazama mapipa, moja moja. Je, lakiri zipo, au zimekatwa na kubandikwa tena? Je, kuna lebo juu ya lebo? Katika habari za Indonesia wachunguzi walikuta mfanyabiashara mmoja wa kemikali za viwandani aliyekuwa na mapipa yenye lebo za kampuni maarufu ya ng'ambo, na ndani mna kitu kingine kabisa. Kibandiko kilichoinuka pembeni, mwandiko wa namba usiofanana na wa pipa jirani, pipa moja jipya kati ya yaliyochakaa: hayo ndiyo mambo ambayo jicho la mfanyakazi wa miaka mingi huyaona kabla ya maabara. Aliye na jicho hilo ni mali ya kiwanda, na yafaa alipwe kama mali. Mengineyo, kama kupangusa vumbi, kutazama kama mzigo umelowa mvua au umetafunwa na panya, na kupima uzito, kila mwenye ghala lolote anayajua.

Mzigo ukikubaliwa mlangoni, haujakubaliwa kutumiwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Hupewa namba ya kiwanda chenyewe, na ikiwa lori moja limeleta mafungu mawili, kila fungu hupewa namba yake na kushughulikiwa peke yake, hata kama kitu ni kile kile. Kisha huwekwa karantini. Neno hilo twalijua tangu habari za magonjwa ya meli, na maana yake hapa ni ile ile: mgeni akae peke yake mpaka ijulikane kama ana ugonjwa. Viwanda vingi hutumia rangi. Kibandiko cha njano, maana yake subiri. Cha kijani, maana yake pita. Chekundu, maana yake umekataliwa. Kibandiko cha kiwanda kisiifunike lebo ya muuzaji, maana siku ya matata lebo ile ndiyo shahidi.

Kisha huchukuliwa sampuli, na jambo hili tunataka kulikalia kidogo. Pipa hufunguliwa katika chumba maalumu chenye hewa iliyochujwa, kwa chombo safi, na mtu aliyefundishwa, ili lisichafuliwe katika kulichunguza. Lakini yafunguliwe mapipa mangapi? Iko kanuni ya zamani, ambayo wengi wameirithi bila kuiuliza, kwamba uchukue kipeuo cha pili cha idadi ya mapipa, uongeze moja. Mapipa yakiwa 25, kipeuo chake ni 5, ongeza 1, utafungua mapipa 6. Hesabu ni nzuri. Ila itakuwaje kwa mapipa 19 yaliyobaki? Kama sumu imo katika pipa moja tu, mathalani la kumi na tisa, kanuni hiyo itakuambia uwe na bahati. Ndiyo sababu miongozo ya Shirika la Afya Duniani husema hesabu hiyo ni ya kutumiwa tu pale kitu kinapojulikana kuwa ni namna moja na kimetoka mahali panapoaminika. Na kwa jambo la kutambua kwamba kitu hiki ndicho chenyewe, kanuni za utengenezaji bora wa dawa zataka kila pipa lihakikishwe. Tunarudia: kila pipa. Mtu akikuambia kwamba kiwanda chake hupima mapipa sita kati ya ishirini na tano na kinatosheka, mwulize kama naye angekula chakula kilichoonjwa hivyo.

Hata hivyo kutambua peke yake hakutoshi. Kule Haiti glisarini haikuwa sumu tupu. Ilikuwa na dayethilini glaikoli kiasi cha asilimia 24, na iliyobaki ilifanana na glisarini. Kipimo hafifu chaweza kumwona mwenye nyumba kikamkosa mwizi aliyesimama nyuma yake. Kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2007, baada ya mambo ya Panama, iliagiza glisarini ipimwe waziwazi kwa ajili ya sumu hiyo, na kikomo chake kiwe asilimia 0.10, yaani sehemu moja katika elfu. Baadaye vitabu vya viwango vya dawa vya Marekani vilikiingiza kipimo hicho katika utambuzi wa glisarini yenyewe, ili mtu asiweze kuiita jina hilo kabla ya kuihakikisha.

Tunasikia sauti ya wenye viwanda vidogo. Wanasema kwamba mashine za kupimia ni za bei kubwa, wataalamu ni wachache, na nchi zetu ni maskini. Malalamiko haya tunayapokea kwa nusu. Ni kweli kwamba mashine kubwa ya kutenganisha gesi si ya kila mtu. Lakini kuna njia nyingine nyepesi, inayojulikana kwa miaka mingi: kipande cha kioo au cha bati kilichopakwa unga mweupe, matone machache ya sampuli, na kimiminika kinachopanda polepole kama maji yapandavyo katika utambi. Kila kitu hupanda kwa mwendo wake, na sumu huachana na glisarini njiani ikaacha doa lake peke yake. Kazi hiyo yataka chumba, mtu mwenye mafunzo, kemikali kidogo na uvumilivu. Kiwanda kinachoshindwa hata hayo na kisichoweza kuyalipia kwa jirani, hakina haki ya kutengeneza dawa ya maji ya mtoto. Na kitengeneze sabuni. Sabuni nayo ni kazi ya heshima.

Lakini sisi hatuamini kwamba shida kubwa ni mashine. Shida kubwa ni haraka, na haraka ina wakubwa. Fikiri hali ilivyo. Kontena limekaa bandarini, gharama za kuchelewa zinapanda kila siku. Zabuni ya hospitali ina tarehe. Mtambo umesimama, na wafanyakazi wa zamu wamekaa wanasubiri. Mapipa yamefika saa tisa alasiri, yana kibandiko cha njano, na maabara inasema majibu baada ya siku mbili. Hapo simu inalia ghalani. Sauti ya juu inasema: "Muuzaji huyu tunamjua miaka kumi, cheti si kipo? Toa mapipa mawili tu, mengine yasubiri." Mtunza ghala afanye nini? Ana watoto, ana kodi ya nyumba, na kazi ni adimu. Akikataa, ataitwa mkaidi, mtu asiyeelewa biashara. Akikubali, mara tisini na tisa hakuna litakalotokea, na mara hizo tisini na tisa ndizo zitakazomfundisha yeye na bwana wake kwamba kibandiko cha njano ni pambo.

Tunalisema hili kwa sababu tumezoea kuona, maafa yakitokea, kidole kinaelekezwa chini. Aliyetia saini ya kupokea ndiye anayeitwa kwanza. Sasa mtu asiyekuwa na nguvu ya kukataa atawezaje kuwa na hatia ya kukubali? Ukitaka kumwajibisha mtunza ghala, mpe kwanza ufunguo. Na ukiwa umempa ufunguo, usimwombe kwa simu. Hatusemi kwamba hakuna watunza ghala walevi, wala wezi, wala wanaopokea kitu kidogo ili wasilitazame pipa. Wapo, nao wafukuzwe. Lakini wakosefu hao hawapatikani zaidi penye magunia ya unga wa dawa kuliko penye meza za wanunuzi, ambako huamuliwa kuacha mtengenezaji anayejulikana na kumfuata dalali kwa tofauti ya bei ndogo.

Jambo hili halituhusu kwa mbali sisi watu wa Afrika Mashariki. Karibu malighafi zote za dawa zinazotengenezwa katika viwanda vyetu hutoka ng'ambo, hasa India na China, na nyingi hupita kwa madalali. Isitoshe, sehemu kubwa ya dawa tunazomeza huja zikiwa tayari zimetengenezwa, kwa hiyo mlango wa ghala la mtu mwingine, asiyetujua wala tusiyemjua, ndio ulinzi wetu. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nijeria ilitangaza kwamba imekuta dayethilini glaikoli nyingi katika fungu moja la dawa ya kikohozi ya watoto iitwayo Benylin, lililotengenezwa Afrika Kusini. Kenya, Tanzania na Rwanda zilikuwa kati ya nchi zilizoamuru fungu hilo liondolewe. Kenvue, kampuni yenye dawa hiyo, ilisema kwamba vipimo vyake havikuikuta sumu hiyo. Sisi si waamuzi kati yao. Tunachokiona ni kwamba wazazi wa Dar es Salaam na Nairobi walirudi nyumbani jioni ile wakaenda moja kwa moja kutazama kabati la dawa, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kujua kwa macho kama chupa yake ni nzima.

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika ambayo mamlaka yake ya dawa ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, kuwa imefika ngazi ya tatu ya ukomavu, yaani usimamizi unaofanya kazi kwa utulivu. Hiyo ni sifa, nasi twaifurahia. Ila mkaguzi wa serikali huja kiwandani kwa siku zake, kisha huenda zake. Mapipa hayaji kwa siku za mkaguzi. Huja usiku, huja Ijumaa jioni, huja siku ya mkesha wa sikukuu wakati kila mtu anataka kwenda nyumbani. Siku hizo zote aliyepo ni mtunza ghala.

Na asiambiwe mtu kwamba mambo haya ni ya wasomi tu. Yuko mtu mmoja wa Panama, Eduardo Arias, wa kabila la Wakuna, mtumishi wa serikali wa cheo cha kati. Mei 2007, miezi michache baada ya msiba wa dawa ya kikohozi, aliingia katika duka la vitu rahisi akaona dawa ya meno. Akaisoma lebo yake. Lebo hiyo, tofauti na zile za mapipa, ilisema kweli: ilitaja dayethilini glaikoli waziwazi kati ya vilivyomo, na ilikuwa imekaa rafuni mbele ya macho ya watu wote. Arias alichukua siku ya likizo yake, akaipeleka kwa wakuu wa afya, wakamtuma ofisi nyingine, akaenda, wakamtuma tena, akaenda. Hakuchoka. Kwa sababu ya siku ile moja, dawa hiyo ya meno ilitafutwa na kuondolewa madukani katika nchi nyingi duniani. Maofisa wa forodha, waagizaji na wenye maduka, wote walikuwa wameipitisha.

Basi kwa viwanda vyetu tunataka mambo machache, na tunayataka yaingizwe katika mikataba ya kazi na katika kanuni za kiwanda, yasibaki katika hotuba. Amri ya kukataa mzigo mlangoni iwe ya mtunza ghala, na asiyeridhika nayo aandike sababu zake kwa mkono wake na kutia saini yake chini. Amri ya kubandika kijani iwe ya idara ya kupima ubora peke yake, na idara hiyo isiwe chini ya mkuu wa uzalishaji, maana hakuna mtu awezaye kuharakisha kazi na kuizuia kwa wakati mmoja. Mtunza ghala apelekwe mafunzoni kwa gharama ya kiwanda, naye aelezwe habari za Panama, Kediri na Haiti kwa majina na kwa idadi ya waliokufa, si kwa maneno ya jumla kuhusu ubora. Mfanyakazi aliyezuia pipa kwa nia njema, na pipa hilo likaonekana kuwa zima, asikatwe mshahara wala kuhamishwa. Matawi ya vyama vya wafanyakazi katika viwanda vya dawa yalisimamie hilo la mwisho kwa macho makali, kwa kuwa ndilo litakalovunjwa kwanza.

Lipo pia jambo la chumba cha vibandiko vyekundu. Katika viwanda fulani mapipa yaliyokataliwa hukaa miezi mingi yakisubiri kurudishwa au kuharibiwa, nyuma ya wavu usio na kufuli, hatua chache kutoka yale ya kijani. Chumba hicho kijengwe kwa matofali, kiwe na mlango wa chuma, na ufunguo wake usikae kabisa katika ofisi ya uzalishaji.